Mjadala juu ya Nyumba Kongwe ya Shanty Town

Miongoni mwa masuala yanayowashughulisha watu wazima wa Moshi, pale nguvu za kazi zinapoanza kupungua na akiba ya miaka mingi inapotaka mahali pa kutua, ni machache yanayozua ubishi kama hili: je, ni busara kwa mtu mwenye fedha za kutosha nyumba moja tu kuzitia katika nyumba kubwa ya zamani, iliyojengwa na watu ambao hawapo tena, katikati ya kiwanja ambacho leo kingepimwa upya vikatoka viwanja vinne, ilhali huko juu mlimani aila yake ina kihamba, yaani shamba la ukoo, na huko pembezoni mwa mji viwanja vidogo vyenye hati mpya vinauzwa kila msimu? Wengi hulijibu kwa neno moja, ama la tamaa ama la dharau. Kwa rai yangu linastahili kusikilizwa kwa mapana yake, na madhali hoja hupendeza zaidi zitokapo vinywani mwa wenye nazo, nimeziweka hapa katika vinywa vya watu wanne waliokutana Jumamosi moja katika baraza ya nyumba ya namna hiyo.

Msomaji asiye wa mji huu aelezwe kwanza mahali penyewe. Moshi ya leo ilizaliwa kwa reli: njia ya Wajerumani iliyotoka Tanga ilipofika mwaka 1911, shughuli zilishuka kutoka Old Moshi, palipokuwa makao ya Mangi, zikakusanyika penye stesheni. Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza desturi ya kuwapanga watu mjini kwa rangi zao, wakajitengea upande wa juu, penye kivuli na upepo wa mlima, katika viwanja ambamo ofisa mmoja na mkewe walipewa nafasi ya kukaa ukoo mzima. Mji ukakua, manispaa yenye kilomita za mraba 59 ilihesabiwa kuwa na watu 184,292 mwaka 2012, nao wamezidi kuongezeka, lakini mitaa ile ya juu, iitwayo Shanty Town, ingali na mijakaranda yake, na michongoma yake, na nyumba zilizojitenga na barabara zikikaa kimya nyuma ya nyasi.

Sauti ya kwanza ni ya bibi mmoja, mjane, muuguzi aliyezaliwa Kibosho, akaolewa Marangu, akatumikia wagonjwa Dar es Salaam mpaka akastaafu. Amekwisha kuuza nyumba aliyojenga na marehemu mumewe huko pwani, na thamani yake ndiyo anayotaka kuihamishia hapa, huku mkupuo wa kiinua mgongo ukingojea matengenezo. Ya pili ni ya mdogo wake wa kiume, mkulima, kitinda mimba wa baba yao, ambaye kwa ada ya Wachagga ndiye aliyerithi nyumba ya wazee na kihamba kinachoizunguka. Ya tatu ni ya fundi mwashi, na ya nne ya wakili. Dalali naye alikuwapo, lakini kwa kuwa hoja zake zote zilikuwa moja, aliachwa getini na simu yake.

Kaka ndiye aliyefungua maneno, tena kwa adabu. "Dada," alisema, "sikuja kukuzuia, maana fedha ni zako, ila nimekuja kukuuliza swali ambalo baba angekuuliza kama angalikuwa hai. Sisi tuna kihamba. Kina migomba, kina kahawa ambayo babu aliipanda zamani za Chama cha Wakulima, kabla hata ushirika wa KNCU haujazaliwa mwaka 1933, na wazee wetu wamelala humo. Nitakukatia kipande juu ya mfongo wa maji, karibu na barabara, ujenge nyumba ya kisasa ya vyumba vitatu, yenye bati la rangi na choo cha ndani, na fedha itakayosalia uiweke benki ikufae uzeeni. Hapa kuna nini? Kuna kutu juu na nyasi chini. Nyumba hii, dada, ni mgonjwa, nawe umeuguza watu maisha yako yote, hujachoka?"

Dada hakukasirika, bali alimwuliza kwa upole kipande hicho atakikata kwa hati gani. "Baba alikuwa na ekari tatu, mdogo wangu, akawagawia ninyi watatu ekari moja moja. Kaka yetu mkubwa amekwisha kuwagawia wanawe, na mmoja wao amejenga ghorofa linalofunguliwa Desemba na kufungwa Januari, likala mahali palipokuwa na migomba ya mama. Wewe nawe umempa kifungua mimba wako fungu lake. Sasa wataka kunipa mimi katika hicho kilichobaki. Siku wanao watakaposimama mbele yako waseme, baba, shangazi amekaa juu ya fungu letu, utawaambia ni shangazi yenu, nao watanyamaza kwa kuwa u hai. Je, ukiisha kufa? Kule Marangu wakwe zangu wamenionyesha kwa heshima zote mahali nitakapolazwa kando ya mume wangu. Pa kuzikwa ninapo. Pa kuamkia asubuhi ndipo ninapopatafuta."

Hapo wakili aliona ni wajibu wake kusema kwamba sheria haikumwacha mwanamke mtupu kama zamani. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, imesema wazi kuwa haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Na hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya iliamua katika shauri la Holaria Pastory, bibi wa Kihaya kutoka Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa babaye kisha akashtakiwa na mtoto wa nduguye, kwamba mila inayomnyima mwanamke uwezo wanaoruhusiwa wanaume inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Kaka akasema hayo ni mambo ya Kagera. Wakili akajibu kuwa Katiba haikuishia Kagera. Lakini dada akawakata wote wawili. "Sitaki kushinda kesi," alisema, "dhidi ya watoto nitakaowahitaji wanipeleke hospitali usiku."

Neno hilo nilipolisikia nilijua kuwa nusu ya mjadala imekwisha kuamuliwa, maana haki iliyoandikwa kitabuni ni silaha, na si kila mtu mzima anataka kulala na silaha chini ya mto. Bali haki ya kununua kwa fedha yako, kwa jina lako, mahali ambapo hapana mpwa wala shemeji mwenye kumbukumbu ya mpaka, hiyo haimgombanishi mtu na damu yake. Ndiyo maana naona makosa kuwacheka kina mama wengi wa Kichagga wanaonunua mjini, kana kwamba wameikimbia mila. Aghalabu mila ndiyo iliyowaacha mlangoni tangu siku ya kuzaliwa.

Zamu ya fundi ilifika naye akiwa bado darini. Alishuka ngazi mabega yamejaa mavi ya popo, akanawa, na kabla hajasema neno aliwaonyesha. Alichukua msumari mrefu akauchoma kwa mkono katika mbao za kenchi zilizojitokeza barazani: mahali pa kwanza haukuingia, pa pili haukuingia, pa tatu uliteleza tu, lakini pembeni mwa jiko, chini ya mfereji wa mvua uliotoboka, ulizama wote kwa nguvu za dole gumba, na unga mwekundu wa mchwa ukamwagika juu ya saruji. Kisha alifungua bomba la bafuni. Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakajaza nusu ndoo kabla hayajatakata. "Mabomba ni ya chuma," alisema, "yameliwa kwa ndani. Nyaya za umeme ni zile za zamani zenye gamba la mpira, ukizigusa zinakatika. Dari hizo ni asbesto, mama, nazo hazikatwi kwa msumeno na kijana asiyefunika pua; sharti zing'olewe nzima nzima, zikiwa zimelowa, na zizikwe panapojulikana. Shimo la choo limeingiwa na mizizi ya mparachichi. Lakini kuta!" Hapo alipiga ukuta kwa kiganja. "Kuta ni za mawe, unene wake dhiraa nzima, na nyufa hizi mnazoziogopa ni za zamani, zimekwisha kupakwa rangi mara nyingi wala hazikufunguka tena. Kuta zitatuzika sote. Kinachokufa ni vyote vilivyowekwa ndani ya kuta na juu ya kuta."

Alipoulizwa gharama alikataa kutaja kiasi kabla ya kupima, bali alisema kuezua na kuezeka, mabomba, nyaya na shimo jipya kwa jumla havipungui gharama ya kusimamisha nyumba mpya ya vyumba vitatu mpaka kwenye linta. Kaka akaruka juu ya neno hilo. Akakumbusha kuwa Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na iliyokuwa na serikali nzima ya kuitunza, iliporomoka upande mmoja siku ya Krismasi mwaka 2020. Basi mjane na mkupuo wake atasimamishaje jengo lake? Fundi akamjibu kuwa lile lilikuwa jumba la ghorofa lililobebwa na nguzo, na hii ni nyumba ya chini iliyobebwa na ardhi. Naongeza kwa upande wangu kuwa fundi naye hakuwa bila haja yake, kwani nyumba mpya humpa kazi ya mwaka mmoja, na nyumba kongwe humpa kazi mpaka azeeke. Hata hivyo msumari ulikuwa hauna haja yoyote, nao ulisema vilevile.

Wakili alipotoa miwani, baraza ilipoa, kwa sababu maneno ya hati hayana ladha kwa wasikilizaji ila pale yanapowaponza. Lakini mimi nimeyapa nafasi yake, maana nyumba kongwe hununuliwa pamoja na historia yake yote, na historia ya nyumba za nchi hii ni ndefu. Alieleza kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na anachouza mwuzaji ni haki ya kuikalia kwa muda. Viwanja vingine vya kale vilikuwa milki ya daima chini ya Wazungu, mpaka sheria ya mwaka 1963 ilipovigeuza kuwa pango la miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai ya mwaka huo, na mwaka 1969 pango hilo likageuzwa haki ya umiliki. Hati ya namna hiyo itafikia ukomo wake mwaka 2062. Vingine vilitolewa kwa miaka 33 tu, na huenda muda umekwisha bila mtu kuomba upya. "Kwa hiyo, mama, usiulize nyumba ina miaka mingapi. Uliza hati imebakiza miaka mingapi."

Kisha kuna mwaka 1971, ambapo Serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakaa yote, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakapitishwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wako waliorudishiwa, wako waliohama nchi wasirudi, na wako waliokalia kwa miaka mingi wakadhani kukalia ni kumiliki. Nyumba hii inauzwa na warithi wanne wa mtu aliyeinunua baadaye. Basi yuko wapi msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na je, wote wanne wameridhia kwa maandishi, au mmoja yuko ng'ambo na mwenzake anamsemea kwa simu? Upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati kujua kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zionekane. Na ingawa kodi ya majengo hukatwa kwa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla, tangu mwaka 2021, nyumba iliyokatiwa umeme haikununua LUKU, kwa hiyo madeni huenda yamelala humo.

Wakati wakili akisema hayo, kaka alikuwa ameondoka barazani. Mkulima hawezi kukaa mbele ya ardhi asiitembee. Alizunguka uzio akihesabu hatua, akafukua kwa kisigino penye kila pembe, akapata bikoni tatu zilizokaa mahali pake, na ya nne hakuiona. Ukuta mpya wa jirani ulikuwa umepita palepale ilipopasa kuwa. Aliokota bonge la udongo chini ya mjakaranda, akalivunja viganjani, akalinusa. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na kila mtu alidhani ni kwa ajili ya bikoni. Alitoa habari ya bikoni, naye wakili akaiandika upesi. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejitolea ushahidi dhidi ya nafsi yake, kwamba kwa hesabu ya hatua zake kiwanja hiki hakipungui ekari moja, na kwamba fungu alilobakiwa nalo yeye Kibosho, baada ya kumpa mwanawe, halifiki hapo.

Naomba msomaji asimame nami kidogo penye habari hiyo, maana ndiyo kiini cha mambo. Tumezoea kusema kuwa mjini ni kubanana na mlimani ni nafasi. Lakini kihamba, ambacho kwa asili yake hakiuzwi kwa mgeni na kila mtoto wa kiume hutazamia sehemu yake, kimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata pengine migomba ya ndugu wawili inaangushiana majani. Na huku chini, kwa dhuluma ya wakoloni waliojipimia kupita kiasi, pamesalia vipande ambavyo hakuna urithi uliovikata. Dhuluma ilikuwa dhuluma. Ila udongo hauna hatia, na sioni ubaya binti wa mkulima akitia hapo mihogo, magimbi na ng'ombe wa maziwa zizini ikiwa manispaa itamruhusu. Vyumba vya watumishi vilivyoko uani alikwisha kuwaza kuvipangisha kwa wanafunzi wa hospitali ya KCMC, na kodi yao imlipe mlinzi.

Kaka, hata hivyo, alikuwa amebakiza hoja moja, nayo ilikuwa nzito kuliko zote za mwanzo. "Tuseme ni kubwa, dada, na tuseme udongo ni mzuri. Wanao ni wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Ujerumani. Hakuna atakayekuja kukaa hapa. Utatengeneza paa, utatunza miti, na arubaini yako ikipita watamwuzia mtu mwenye tingatinga. Ndivyo zilivyokwisha nyumba za Kileleshwa na Kilimani kule Nairobi, zilikuwa za bustani kama hii, leo ni maghorofa yanayotazamana madirishani. Oysterbay ya Dar es Salaam umeiona mwenyewe. Kihamba hakiuzwi; hiki kitauzwa. Sasa unamjengea nani?"

Wakili alianza kusema kuwa mnunuzi hawezi kukata kiwanja wala kubadili matumizi yake bila idhini ya mamlaka ya mipango miji, na kuwa wosia waweza kuandikwa, lakini dada alimwinulia mkono. "Waache wauze," alisema. "Simjengei mtu. Nina umri wa miaka sitini na mbili. Mungu akinipa ishirini, nataka ishirini hiyo niamke niuone mlima kabla ya mawingu, ninywe chai katika baraza hii, na mtu akija kunisalimu asiniulize niko kwa nani. Baada ya hapo ni mali yao, wafanye wanavyopenda."

Jibu hilo lilimwudhi kaka, na nadhani litawaudhi wasomaji wengi, kwa kuwa sisi tumelelewa katika imani kwamba nyumba isiyojengwa kwa ajili ya watoto ni ubinafsi. Mimi nasimama upande wa dada, na sababu yangu si huruma. Wengi walionunua au kujenga nyumba kubwa kwa nia ya kuwaachia watoto wamewaachia ugomvi. Na nyumba zenyewe, kwa kuwa ziliwekewa siku zijazo, hazikukaliwa ipasavyo hata na wenyewe: viti vya sebuleni vimefunikwa vitambaa, vyumba vya wageni vimefungwa funguo, na mzee analala katika chumba kidogo nyuma kwa kuogopa kuchafua. Nyumba kongwe yenye eneo pana ni ghali mno kutunzwa na mtu asiyeitumia. Anayeikaa, akafungua madirisha kila siku, akaziba mfereji wiki ile ile ulipotoboka, huyo hupata thamani yake mwezi baada ya mwezi. Anayeiweka kama amana ya vizazi huilipia paa, nyasi na mlinzi, kisha humwachia mchwa. Kwa hiyo swali la kaka ni zuri sana kwa kihamba, ambacho kazi yake ni kuunganisha wafu na watakaozaliwa, lakini akilileta Shanty Town amelileta pasipo pake. Nami ningemwambia dada huyohuyo asinunue, kama angesema anawanunulia wanawe.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Dada alimwamuru wakili aandike kwamba atanunua kwa thamani ya ardhi, na kwamba nyumba ihesabiwe kuwa kuta tu. Arabuni iwe ndogo, na salio lilipwe baada ya upekuzi kutoka safi, na warithi wote wanne kutia saini mbele ya kamishna wa viapo, na mpima kuirejesha bikoni ya nne mbele ya jirani mwenyewe, ili ugomvi wa mpaka uwe wa wauzaji na usiwe wake. Dalali alipoitwa akasomewa masharti hayo alisema wauzaji hawatakubali. Dada akamwambia awaulize kwanza, ndipo awasemee.

Kaka alisema atatia saini kama shahidi, ingawa rai yake haikubadilika, kwa sharti kwamba siku ya kuipogoa ile michongoma aitwe yeye, maana wafyekaji wa mjini hukata juujuu. Dada akasema shahidi halipwi na mfyekaji hulipwa, basi achague moja.